Goti langu, msiba wa mama na ule mshale wa pili

Mwaka juzi goti la kulia lilianza kunisumbua, nikitoka choo cha kuchuchumaa mpaka nishike ukuta ndo nanyanyuka, halafu goti halijapoa tukamzika mama. Mi Muislamu na sijabadili dini, tuelewane hapo, ila kazini kuna mzee wa Sri Lanka, Mbudha, yeye ndo alinipa habari ya mishale miwili. Budha alisema mtu akichomwa mshale anaumia, hilo halina ujanja, shida ni kwamba papo hapo tunajichoma wa pili wenyewe.

Wangu nimeshaujua. Saa nane usiku goti linawaka, mi nshaanza kujiona natambaa, nani atanibeba, hawa wanangu wenyewe hata simu hawapigi... goti linauma kama robo tu, zilobaki ni hadithi zangu! Sikuhizi nakaa kitandani, naweka mkono gotini, naangalia joto liko wapi, linapiga vipi, linapanda, linashuka, huku navuta pumzi taratibu. Linauma vilevile ila linakuwa goti tu. Na dawa nameza, msije mkaacha dawa kwa ajili yangu. Hata Marekani, Jon Kabat-Zinn alianza kufundisha wagonjwa wa maumivu sugu mambo haya hospitalini kule Massachusetts tangu 1979.

Msiba ndo mgumu zaidi. Kuna mama anaitwa Kisa Gotami, mwanae kafa na bado kambeba anatafuta dawa, Budha akamwambia niletee haradali toka nyumba ambayo hajafa mtu. Kazunguka mlango kwa mlango, hakuna. Kilichonigusa ni kwamba hakumwambia "jikaze, wote tutakufa", kamwacha akasikilize wenzie. Matangani niliambiwa kazi ya Mungu haina makosa mpaka nikatamani kujifungia. Alonisaidia ni dada wa genge, nilimuuliza tu we ulifiwa na nani, akaniambia habari za pacha wake, tukakaa pale mpaka mchicha wake ukanyauka.

Kwahiyo ukifiwa, uliza wenzio.

Uzee nao, Budha mwenyewe alipofika miaka 80 alisema mwili wake ni kama gari kuukuu linaloenda kwa kufungwafungwa kamba. Na kuna siku mgongo ulimuuma akamwambia mwanafunzi wake Ananda we endelea kufundisha, yeye akajilaza. Mi nilikuwa naona aibu, sasa hivi naswali kwenye kiti, safu ya mbele kabisa.