Kuvuka Great St Bernard kwa baskeli

Mdogo wangu, umeuliza kama mazoezi ya Wete hadi Chake yatakutosha kuvuka Great St Bernard, njia ya milimani mpakani mwa Uswisi na Italia, mwezi wa tano. Miguu itazoea. Mwezi ndio mbaya: theluji huifunga barabara ya juu, kwa kawaida mpaka Juni. Nenda Julai au Agosti.

Vilima vyetu visikudanganye. Pemba nzima haina kilima cha mita 150. Kule kileleni ni mita 2,469, na ukianzia Martigny, upande wa Uswisi, unapanda karibu mita 2,000. Chagua mwinuko mmoja hapo kwenu, uupande mara kumi asubuhi moja na mzigo nyuma. Watakucheka, waache.

Tia breki mpya, maana kushuka Aosta, upande wa Italia, ndiko kwenye hatari, na uchukue koti. Usiingie handaki la magari lililofunguliwa 1964, fuata barabara ya zamani. Lala juu, kesho yake iache baskeli utembee. Jeshi la Napoleon lilipita hapo Mei 1800, likiburuta mizinga ndani ya magogo yaliyochongwa. Kwenye theluji, ndiyo, lakini wewe si jeshi.

Viza ya Schengen inatosha nchi zote mbili.