Jibu: Madoa ya kutu kwenye marumaru nyeupe ya bafuni

Salaam ndugu. Marumaru yako nyeupe imepiga kutu karibu na mfereji na klorini haisaidii. Iache kabisa, inazidisha kutu. Ndimu, siki na asidi ya choo zitakula marumaru yenyewe.

Kwanza angalia doa linaanzia wapi. Likitoka kwenye skrubu, weka ya chuma cha pua namba 316 (aina isiyoshika kutu kirahisi). Maji ya kisima yetu yenye chumvi hula chuma cha kawaida upesi. Likitapakaa ndani ya jiwe, ni madini ya chuma yaliyolowa: ziba viungo vya marumaru vilivyopasuka, jiwe likauke, la sivyo doa litarudi.

Kisha changanya dawa ya kutu isiyo na asidi na unga wa ulanga (talc), paka juu ya doa unene wa nusu sentimita, funika kwa nailoni saa 24, suuza. Jaribu pembeni kwanza.