Kitambi kipo, misuli inakwisha

Umeuliza kwa nini, tangu uanze kujinyima chakula ili upungue, mikono inanywea kabla ya kitambi, na unakula mayai mawili kila asubuhi. Angalia kwanza nishati. Ukikata kalori mno, insulini (homoni ya kudhibiti sukari, ambayo pia huzuia misuli isivunjwe) hushuka, breki ya uvunjaji wa protini hulegea, na misuli huachia asidi amino, yaani vipande vinavyounda protini, ziende kwenye ini kutengenezwa glukosi, sukari ya mwilini. Hata sehemu ya protini unayokula huishia kuchomwa kama kuni.

Kupunguza protini peke yake, kalori zikitosha, ni jambo jingine: baada ya siku kadhaa mwili hubana matumizi ya protini, na urea (taka ya protini iliyovunjwa) kwenye mkojo hupungua. Ukikata vyote viwili, ubanaji huo haufui dafu.

Kwa hiyo punguza kalori 500 hivi kwa siku, usikate 1,200. Protini iwe gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 70 ni gramu 84 hadi 112, azigawe kwenye milo mitatu. Yai moja lina gramu 6 hivi, sasa piga hesabu mwenyewe. Nyanyua vitu vizito mara 2 au 3 kwa wiki. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza.