Maswali ya Wasomaji: Nasoma Biblia, mbona sisikii?

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni namna Mungu anavyosema na mtu kupitia Maandiko. Nimechagua tano. Nimezifupisha, lakini kiini cha kila swali sikukigusa.

Swali: Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Nasoma sura moja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na Agano Jipya nimeshalimaliza zaidi ya mara moja. Wenzangu katika ushirika husimama na kushuhudia, "Leo Mungu amesema nami." Mimi nasoma, nafunga kitabu, naondoka kama nilivyokuja. Je, nina kasoro gani?

Jibu: Amina, ndugu yangu. Samweli alilala hekaluni, mahali lilipokuwapo sanduku la Mungu, akaitwa mara tatu, na mara zote tatu akamkimbilia Eli akidhani ndiye aliyemwita. Kama kuwa karibu na vitu vitakatifu kungetosha, kijana huyo asingekosea hata mara moja. Aliyemfundisha maneno ya kujibu, "Nena, BWANA, kwa kuwa mtumishi wako anasikia," ni mzee ambaye macho yalikuwa yameanza kufifia na ambaye watoto wake walikuwa wamemshinda. Kusikia, basi, ni jambo linalofundishika, na mwalimu wake si lazima awe mtu asiye na doa.

Nashuku kwamba unangoja kitu ambacho Maandiko hayakukuahidi. Paulo anapomwandikia Timotheo juu ya faida ya andiko lenye pumzi ya Mungu, anataja mafundisho, kuonywa makosa, kuongozwa na kuadibishwa katika haki. Hakutaja msisimko hata kidogo. Mtu aliyesoma asubuhi, kisha mchana akajizuia kusema neno la kumchafulia jina mwenzake kwa sababu alichokisoma kilimrudia akilini, huyo amesikia, hata kama moyo wake haukuruka.

Hata hivyo, mwendo wako nao unachangia. Sura moja kwa siku inamfaa anayetaka kukijua kitabu kizima, na sikushauri uiache kabisa. Lakini kwa kusikiliza, siku nyingine chukua fungu fupi, lisome kwa sauti, polepole, kisha ulirudie. Fungua, kwa mfano, Marko 10 kuanzia aya ya 35 hadi mwisho. Mara ya kwanza utaona habari mbili tu zilizopangwa moja baada ya nyingine: wana wa Zebedayo wanaomba viti vya heshima, halafu Bartimayo kipofu anaponywa. Soma tena. Yakobo na Yohana wanamjia Yesu na ombi, naye anawauliza wanataka awafanyie nini. Wanataka kuketi, mmoja mkono wa kuume na mwingine mkono wa kushoto, katika utukufu wake, na wanajibiwa kwamba hawajui wanaloliomba. Aya chache mbele, nje ya Yeriko, Yesu anamwuliza mwombaji wa kando ya njia swali lile lile, nusura neno kwa neno: "Wataka nikufanyie nini?" Naye anajibu, "Nataka nipate kuona."

Wale wawili walikuwa wakitembea na Yesu kila siku, na hawakuona. Yule asiyeona alijua anachokikosa. Ukishafika hapo, kaa. Usikimbilie kutafuta fundisho la kuwapelekea wenzako. Jiulize wewe ungejibu nini leo kama swali hilo lingeulizwa kwako, na ujibu kwa maneno yako mwenyewe katika sala, hata kama jibu lako linafanana zaidi na la wana wa Zebedayo kuliko la Bartimayo. Wamonaki wamesoma hivi kwa karne nyingi. Mmoja wao, Guigo wa Pili wa shirika la Wakartusi, katika karne ya 12 aliieleza njia hiyo kama ngazi yenye vidato vinne, yaani kusoma, kutafakari, kusali na kutulia mbele za Mungu. Wengi wetu hupanda kidato cha kwanza, tukateremka na kwenda zetu.

Kuhusu shuhuda za wenzako, zipokee kwa upendo, wala usizifanye kipimo. Neno ambalo Samweli alilisikia usiku ule lilikuwa hukumu juu ya nyumba ya mlezi wake, na asubuhi aliogopa kulisema. Si kila aliyesikia husimama na kushuhudia siku hiyo hiyo.

Swali: Nimechoka na kazi yangu na nilitaka kujua kama niiache. Nilifunga na kuomba, kisha nikafumba macho, nikafungua Biblia popote na kuweka kidole. Kikaangukia Mwanzo 12:1, Abramu akiambiwa atoke katika nchi yake. Je, niandike barua ya kuacha kazi?

Jibu: Usiandike bado. Kidole kingeteleza hadi kwenye orodha za koo katika Mambo ya Nyakati, ungesema Mungu amenyamaza. Kingeangukia 1 Wakorintho 7:20, Paulo anapomtaka kila mtu akae katika hali ile aliyoitwa nayo, ungesema amekukataza. Moyo uliokwisha kuchoka na kazi hupokea kwa furaha aya inayoubeba unakotaka kwenda, na aya isiyoubeba huko huihesabu kuwa imekuja kwa bahati mbaya.

Najua utanitajia Agostino, yule mwalimu maarufu wa Kanisa la kale. Ni kweli kwamba mwaka 386, katika bustani huko Milan, alisikia sauti kama ya mtoto ikirudia maneno "chukua, usome," akafungua nyaraka za Paulo na kukutana na Warumi 13, panaposemwa kuacha ulafi, ulevi na ufisadi na kumvaa Bwana Yesu Kristo. Lakini angalia neno hilo lilimpata katika hali gani. Nyaraka hizo hakuziokota siku hiyo. Alikuwa amekwisha kuzisoma. Neno lililompata halikumfunulia siri ya mambo yajayo, bali lilimgusa pale pale alipokuwa akishindana na nafsi yake kwa muda mrefu, nalo lilimtaka atubu. Tena Agostino huyo huyo, alipokwisha kuwa askofu, aliandika kwamba hapendezwi na watu wanaozitumia kurasa za Injili kupigia kura mambo ya dunia. Mtaguso wa Agde, yaani mkutano wa maaskofu uliokutana mwaka 506 katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, uliwatenga na Kanisa wanaofanya uaguzi kwa Maandiko. Unaona kwamba desturi hii ni ya kale, na kwamba Kanisa halikuipenda tangu kale.

Usisahau pia kwamba katika Mathayo 4 aliyenukuu Zaburi ya 91, tena kwa usahihi wa kutosha, alikuwa Ibilisi. Yesu hakuukataa uandishi wa zaburi hiyo; aliweka andiko lingine kando yake, "Usimjaribu Bwana Mungu wako," na aya iliyokuwa imekatwa ikapoteza nguvu yake ya kupotosha. Hivyo ndivyo Biblia inavyojilinda: kwa kusomwa pamoja na sehemu zake nyingine.

Biblia ina mengi ya kukuambia juu ya kazi, pumziko, uaminifu na kuwatunza wanaokutegemea. Yasome hayo kwanza. Kisha Mithali 15:22 inakwambia kwamba pasipo mashauri makusudi hubatilika, kwa hiyo tafuta watu wawili au watatu wenye busara, uwaeleze hali ilivyo, pamoja na lile usilopenda walijue. Huenda mwisho wake ukawa ni kuacha kazi. Uiache basi kwa sababu unazoweza kuzieleza mchana kweupe.

Swali: Yeremia 29:11 ndiyo aya iliyonibeba tangu nilipopoteza kazi. Juzi rafiki yangu aliyesoma chuo cha Biblia aliniambia kwamba ahadi hiyo si yangu, ni ya Wayahudi wa Babeli. Nimevunjika moyo. Nani yuko sahihi?

Jibu: Rafiki yako ameanza vizuri, dada yangu, akaishia njiani. Aya hiyo, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya," ni sehemu ya barua ambayo nabii aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 kabla ya Kristo. Barua haina aya zinazojitegemea; namba tunazozizoea zilienea kwa kazi ya wachapaji wa karne ya 16, nazo ndizo zinazotuwezesha kuchomoa mstari mmoja na kuutundika ukutani.

Rudisha mstari huo nyumbani kwake uone unavyozidi kuwa mzito. Katika sura ya 28, nabii mwingine aitwaye Hanania alikuwa ametangaza mbele ya makuhani na watu wote kwamba nira ya Babeli ingevunjwa katika muda wa miaka 2. Ni ujumbe mtamu, na sina shaka uliitikiwa kwa nguvu. Yeremia anaandika kinyume chake: jengeni nyumba mkae ndani yake, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, zaeni watoto, uombeeni amani mji mliohamishiwa, kwa maana itakuwa miaka 70. Aliyekuwa mtu mzima alipoisikia barua hiyo alielewa kwamba yeye mwenyewe, kwa kadiri ya maisha ya kawaida, angezikwa ugenini. Ndipo, baada ya kuwaambia hilo bila kulipaka sukari, Mungu anawaambia kwamba anawawazia amani.

Kwa hiyo ahadi ni yao kwanza, nasi tunaisikia kwa kusimama nyuma yao. Imani ya Kikristo hufundisha kwamba Mungu wa mateka wale ni Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo, asiyegeuka, na Paulo anasema katika Warumi 15:4 kwamba yote yaliyotangulia kuandikwa yaliandikwa ili kutufundisha, tuwe na tumaini. Unayo haki ya kufarijiwa na tabia ya Mungu inayoonekana humo. Usichoweza kukidai ni tarehe, wala kazi mpya kabla ya mwisho wa mwezi. Hapo tungekuwa tumemwacha Yeremia tukamfuata Hanania. Na ukitaka kuisikia barua yote, aya ya 5 hadi ya 7 nazo zinasema nawe: ni jambo gani dogo na la manufaa unaloweza kulipanda hapo ulipo sasa, wakati hujajua utakaa hapo muda gani?

Swali: Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi amenitumia aya akisema Mungu amemwonyesha kwa aya hiyo kwamba niolewe na kaka fulani wa kikundi. Mimi simpendi. Nikikataa, nitakuwa nimempinga Mungu?

Jibu: Hapana. Soma 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alikuwa amepewa agizo lililo wazi, asile wala asinywe mahali pale; akaja nabii mzee na kumwambia kwamba yeye naye ni nabii, na kwamba malaika amesema naye kwa neno la BWANA. Maandiko yanaongeza kwamba alimwambia uongo. Aliyesadiki aliangamia njiani.

Simwiti kiongozi wako mwongo, kwa maana simjui, na mtu anaweza kukosea kwa nia njema. Ninachosema ni kwamba cheo cha kiroho hakiondoi wajibu wa kupima. Paulo anawaagiza Wathesalonike wasitweze unabii, na papo hapo anawaambia wajaribu mambo yote. Watu wa Beroya walimpima Paulo mwenyewe kwa kuyachunguza Maandiko kila siku, na Luka akawasifu. Kama Mungu ana neno juu ya ndoa yako, wewe una masikio. Mjibu kiongozi kwa heshima kwamba hujapata uhakika huo na kwamba hutaendelea na jambo hilo. Akikushinikiza au kukutisha kwa laana, peleka habari hiyo kwa wazee wa kanisa, wala usiende peke yako.

Swali: Mama yangu hajui kusoma na sasa ni mzee. Anasikitika kwamba hawezi kumsikia Mungu katika Neno kama sisi tunaosoma. Nimwambie nini?

Jibu: Mwambie kwamba sehemu kubwa ya Wakristo wa kwanza walikuwa katika hali yake. Nyaraka za Paulo zilisomwa kwa sauti mbele ya kusanyiko, kama anavyoagiza katika Wakolosai 4:16, na kitabu cha Ufunuo kinaanza kwa kumbariki asomaye pamoja na wale wasikiao. Katika Nehemia 8 watu walisimama tangu mapambazuko hata adhuhuri wakisikiliza torati ikisomwa na Walawi wakiwaelewesha, wakalia walipoyasikia maneno hayo, kisha wakafurahi kwa sababu walikuwa wameyafahamu.

Baada ya kumwambia hayo, msomee. Chagua fungu moja la Injili, usome taratibu mara mbili, kisha umwombe akusimulie alichokisikia kwa maneno yake, nawe usimsahihishe haraka. Akikuuliza swali usiloweza kulijibu, liandike na umpelekee mchungaji au katekista wenu. Anayesikiliza bila karatasi mbele yake mara nyingi hushika neno ambalo msomaji amelipita kwa mazoea, kwa hiyo huenda ukajikuta unarudi kwenye ukurasa kuhakikisha kama kweli limeandikwa.