Ukitaka Kula Vyakula vya Mimea Bila Kuishiwa Nguvu, Anza na Maharage

Mtu akiniambia ameamua kula vyakula vya mimea, swali langu la kwanza huwa: jana ulikula nini? Majibu hufanana. Mchana saladi ya matango na nyanya, jioni glasi ya juisi, katikati tunda moja au mawili. Halafu huja malalamiko: kichwa kinauma, mwili umelegea, usingizi hauji kwa sababu ya njaa. Wiki chache baadaye anarudi kwenye mlo wake wa zamani, akiwa na uhakika kwamba vyakula vya mimea havina nguvu.

Mimi nimekula hivi kwa miaka kadhaa, na nguvu ninazo za kutosha kufanya kazi mchana kutwa na bado nikatembea jioni. Ndiyo maana inaniuma kuona watu wanakata tamaa kwa jambo linalorekebishika kwa sufuria moja ya maharage.

Hesabu yake ni nyepesi. Gramu 100 za matango zina kalori 15 hivi. Spinachi mbichi, uzito huohuo, ina 23. Maharage yaliyopikwa yana karibu kalori 125, pamoja na gramu 9 hivi za protini na zaidi ya gramu 6 za nyuzinyuzi. Anayekula majani matupu anajaza tumbo huku mwili ukibaki na njaa, na mwili wenye njaa haukubali kudanganywa kwa muda mrefu. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni mmoja: kabla hujafikiria saladi, jifunze kupika maharage, dengu, choroko, kunde na njegere mpaka uzipende. Mboga zitafuata zenyewe.

Sahani yangu ya mchana ina sehemu tatu. Ya kwanza ni mikunde ya aina yoyote. Ya pili ni nafaka isiyokobolewa, au viazi vilivyochemshwa na maganda yake. Ya tatu ni mboga kwa wingi, nyingine zimepikwa na nyingine mbichi. Juu yake naongeza kipande cha parachichi au konzi ya karanga. Tunda nalila baadaye, likiwa zima.

Maharage yanastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu wengi wanaosema hawayapendi wamekula yaliyopikwa ovyo. Jioni nayamwaga kwenye sinia na kuyachambua: natoa vijiwe, natoa yaliyotobolewa na wadudu, naosha, kisha naloweka kwenye maji mengi. Asubuhi yamevimba, ngozi imenyooka, na maji yamebadilika rangi na kushika povu kidogo. Maji hayo namwaga, maana baadhi ya sukari zinazoleta gesi tumboni zimehamia humo. Natia maji mapya na kuchemsha kwa moto mkali, na kwa dakika 10 za kwanza mchemko haupunguzwi. Hapo naomba usifanye mkato. Maharage mekundu yakiwa mabichi au nusu-mabichi yana lektini, sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na inayoiharibu ni mchemko wa kweli. Vyungu vya umeme vinavyopika polepole kwa joto dogo haviwezi kazi hiyo, kwa hiyo mwenye chungu cha aina hiyo ayachemshe kwanza jikoni.

Baada ya hapo napunguza moto na kufunika. Chumvi naitia yanapoanza kulainika. Nyanya na limau ni za mwisho, kwa kuwa uchachu huyachelewesha kuiva, na wengi wanaolaumu maharage yao kuwa sugu waliweka nyanya mapema. Magadi situmii ingawa hulainisha haraka, kwa sababu huharibu vitamini B1. Kujua kama yameiva, chukua punje moja, uisukume kwa ulimi kwenye kaakaa. Ikisagika yote bila kuacha kiini kigumu, zima moto. Kaanga kitunguu na kitunguu saumu kwa mafuta kidogo mpaka vibadilike rangi, mimina, koroga, acha vitulie. Napika sufuria kubwa, nagawa kwenye vyombo vidogo na kugandisha. Siku ambayo nimerudi nyumbani nimechoka, chakula kipo tayari, na siku kama hizo ndizo zinazoamua kama mtu ataendelea au ataacha.

Nimetaja vitamini B1, na hadithi yake inaeleza vizuri kwa nini nasisitiza chakula kizima. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa Java akichunguza beriberi, ugonjwa uliowalegeza watu miguu na kuwachosha moyo. Aligundua kwamba kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa walidhoofika miguu wakashindwa kusimama. Walipopewa mchele ambao haujakobolewa, walipona. Baadaye ikajulikana kwamba kilichotupwa pamoja na pumba ni vitamini B1, ambayo mwili unaihitaji ili kugeuza wanga kuwa nguvu. Mwaka 1929 Eijkman alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Frederick Hopkins. Mimi huwafikiria kuku wale kila ninapomsikia mtu akisema uchovu wake hautokani na chakula, kwani anakula mpaka anashiba. Nao walikuwa wakila.

Juisi nayo niiseme wazi, maana wengi huihesabu kama tunda. Mwaka 1977 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio ambalo watu walipewa matufaha kwa namna tatu: mazima, yaliyopondwa, na juisi yake, kiasi cha sukari kikiwa kilekile. Juisi iliisha upesi sana na ikashibisha kidogo kuliko zote, na baada yake sukari ya damu ilishuka kwa kiwango ambacho hakikuonekana kwa waliokula tufaha zima. Kula chungwa, usilikamue.

Kuna utafiti mwingine wa mwaka 2019, wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Watu wazima 20 walikaa ndani ya kituo, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi na wiki mbili nyingine vyakula ambavyo havijasindikwa, wakiruhusiwa kula watakavyo. Kwenye vile vya kiwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Niwe mkweli: mlo ule wa pili ulikuwa na nyama pia, kwa hiyo utafiti huo hausemi lolote kuhusu kuacha nyama. Unachoonyesha ni kwamba mwili hupima shibe vizuri zaidi chakula kikiwa karibu na kilivyotoka shambani. Kwa sababu hiyo sivutiwi na soseji za soya na biskuti zilizoandikwa "za mimea" kwenye pakiti. Mtu anaweza kuishi kwa chipsi na soda asiguse mnyama hata mmoja, na afya yake ikazidi kuharibika.

Kuhusu ubichi, wengi wana wasiwasi usio na sababu kwamba mboga ikipikwa haina faida tena. Vitamini C hupungua kwa joto, na nyingine huishia kwenye maji ya kuchemshia, kwa hiyo mboga za majani napika kwa maji kidogo na muda mfupi, nikiepua zikiwa bado kijani kibichi. Lakini nyanya na karoti zikipikwa, mwili hunufaika zaidi na rangi zake, hasa kukiwa na mafuta kidogo. Kula zote mbili, mbichi na za kupikwa. Mboga zilizogandishwa nazo ni nzuri. Kwa kawaida hugandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa, na huenda zikawa na virutubishi vingi kuliko zile zilizonyauka jikoni kwako kwa siku nne.

Mabadiliko hayakuja yote pamoja. Kwangu choo ndicho kilichotangulia: kilikuwa laini, cha kila siku, bila kujikamua. Kisha nikaona saa za baada ya chakula cha mchana zinapita bila kichwa kuwa kizito. Hamu ya vitu vitamu ilichelewa kuondoka, na ilipoondoka nilianza kusikia utamu wa karoti, jambo ambalo sikulitarajia. Sikulala mgonjwa nikaamka mzima. Anayekuahidi nguvu mpya ndani ya siku tatu anakuuzia kitu.

Gesi tumboni nayo itakuja mwanzoni, hasa kama hukuwa na mazoea ya nyuzinyuzi. Bakteria wa utumbo mpana ndio wanaozichachusha, na wanahitaji muda kuzoea mlo mpya. Kazi yao ina faida, kwani wanatengeneza asidi za mafuta ambazo chembe za ukuta wa utumbo huzitumia kama chakula. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kama sasa hivi uko mbali na hapo, anza na vijiko vitatu vinne vya maharage kwa siku, uongeze kidogo kidogo, na unywe maji ya kutosha. Nyuzinyuzi nyingi bila maji hufunga choo.

Chai na kahawa usizinywe pamoja na chakula. Huzuia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga yasifyonzwe vizuri. Limau, pilipili hoho au chungwa hufanya kinyume chake, kwa sababu vitamini C huyasaidia kuingia mwilini. Mimi chai nainywa saa moja au mbili baada ya kula. Kwa akina mama wenye hedhi nzito hili ni la kuzingatia zaidi.

Kwa anayeacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa, vitamini B12 si suala la kujadiliana. Hutengenezwa na bakteria, na vyakula vya mimea havina kiasi cha kutegemewa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 hivi kwa siku. Ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka, ndiyo maana mtu hujiona mzima kwa muda mrefu kabla ya ganzi miguuni, kusahausahau na upungufu wa damu kuanza, na neva zikishaumia huenda zisirudi sawa. Tumia vidonge au vyakula vilivyoongezwa B12, na upime damu mara kwa mara.

Wenye dawa waongee na daktari kabla ya kubadili mlo. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, aelewe kwamba mboga za kijani zina kwa wingi vitamini K, inayosaidia damu kuganda, na kuziongeza ghafla kunaweza kupunguza nguvu ya dawa. Mwenye figo dhaifu huenda akahitaji kupunguza potasiamu, ambayo imejaa kwenye maharage, ndizi na viazi. Na mwenye kisukari anayejidunga insulini au kumeza dawa za kushusha sukari asisubiri: mlo huu unaweza kuishusha sukari yake huku dozi ikiwa ileile ya zamani, akaanguka. Apime sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo, aandike vipimo vyake, na aende navyo kliniki ili dozi ipangwe upya.