Marangu kwa siku tano? Usilipe mpaka uongeze siku ya Horombo

Usitoe hiyo pesa, mdogo wangu. Umeandika kwamba mnatoka Nungwi watu watatu kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na wakala kawapunguzia siku ya sita kwa kuwa nyinyi wazamiaji, pumzi mnazo. Wallahi maneno hayo niliambiwa na mimi, na mtu aliyekuwa anahesabu pesa zangu.

Mimi wa Mkoani, Pemba, nimekua nikizamia pweza. Visiwa vyetu hivi havina kilima kinachofika hata mita 200. Kambi ya kwanza, Mandara, mita 2,700 hivi, nililala vizuri. Ya pili, Horombo, 3,720, kichwa kikaanza kugonga. Asubuhi wenye siku sita walibaki: wanapanda kidogo upande wa Mawenzi, kile kilele cha pili, wanarudi kulala palepale, mwili unazoea. Sisi tukafunga mizigo, tukakata lile jangwa la baina ya Mawenzi na Kibo, kilele kikuu, mpaka kambi ya Kibo, 4,700 na ushei. Takriban mita elfu nzima kwa siku moja, na kichwa kinauma tayari!

Jioni supu niliitapika. Mwongozaji akaniuliza kichwa vipi, nikamwambia kizima. Nilimdanganya kwa sababu nilikuwa nimeshalipa. Usiku wa manane tukatoka. Kwenye changarawe, hata Gilman's Point, pale ukingoni mwa kreta, hatujaiona, miguu ikaanza kwenda upande kama ya mlevi, na mimi pombe sijapata kuionja. Akanigeuza palepale, yeye na mgumu mmoja, yaani mpagazi, wamenishika makwapa. Tulipofika Horombo kichwa kikaachia. Dawa yake ni kushuka. Kileleni Uhuru, mita 5,895, sikufika, na pesa ya karafuu za msimu mzima imekwenda.

Yule wakala alijua. Mzamiaji anabana hewa aliyoivuta huku pwani, ambako ni nzito. Kule hewa yenyewe ni nyepesi: kileleni, kila ukivuta, oksijeni ni kama nusu ya hii yetu. Mapafu ya kuzamia hayakusaidii kitu. Mwili unataka siku, naye siku hiyo ndiyo aliyoikata ili bei yake ionekane rahisi.

Ulivyouliza viatu na mwezi wa kwenda, wenzangu hapa watakujibu. Wewe rudi kwa huyo mtu, mwambie siku sita, Horombo mnalala mara mbili. Kama mwenzenu mmoja kapungukiwa pesa, mngojeeni nyote. Na uje uandike hapa atakalokujibu kabla hujampa hata shilingi.