Kipupwe Kimeingia: Maswali Yenu Kuhusu Mafua na Dawa za Nyumbani

Juni hadi Agosti, watu wa Njombe na Makete huamka wakakuta sakitu juu ya majani ya viazi, na maswali mnayonitumia karibu yote huwa ya pua, koo na kifua. Leo najibu sita.

Watoto wangu nawavisha masweta mawili mawili na soksi za sufu, lakini kila Julai wanapokezana mafua. Nakosea wapi? (Mama wa watatu, Makambako)

Hujakosea, mama, na masweta usiyavue. Ila mafua huletwa na virusi, tena vya aina zaidi ya 200, na hakuna nguo inayovizuia. Baridi inavirahisishia kazi: tunafunga madirisha, tunajazana jikoni kuota moto, mmoja akipiga chafya wote tunavuta hewa ile ile. Jua likichomoza fungua madirisha, hata kwa nusu saa.

Halafu mikono. Mtoto anapangusa kamasi kwa kiganja, anashika kikombe, mdogo wake anakinywea. Funga kibuyu chirizi karibu na mlango, sabuni ining'inie pembeni. Maji ya Julai yanauma, na watoto watayakwepa, kwa hiyo asubuhi changanya na ya moto kidogo. Ukiniuliza kinga moja tu ya kuanza nayo nyumbani, nitakutajia hii kabla ya mzizi wowote.

Chai ya tangawizi, limau na asali inazuia mafua kweli? (Mwanafunzi, Iringa)

Kuzuia, hapana. Kutuliza, ndiyo, na naipenda kwa hilo. Asali hulainisha koo lililokwaruzika na hupunguza kikohozi, hasa cha usiku. Mvuke na umoto wa kinywaji hulegeza makamasi. Twanga kipande cha tangawizi kama kidole gumba, tia kwenye vikombe viwili vya maji pamoja na majani machache ya mchaichai, chemsha dakika kumi, epua. Kamua limau. Asali itie mwisho, chai ikiwa imepoa kiasi cha kunyweka.

Kuhusu vitamini C: utafiti umeonyesha kwamba kuitumia kila siku hakuwazuii watu wa kawaida kupata mafua. Hufupisha tu ugonjwa kidogo, takriban asilimia 8 kwa watu wazima. Huna haja ya kununua vidonge kwa ajili hiyo. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na watoto hulila bila kubembelezwa.

Kitunguu saumu kwenye mboga ni chakula kizuri. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asimeze punje nyingi mbichi kabla ya kumuuliza daktari wake.

Nina amoksilini iliyobaki. Niimeze mafua yakianza? (Mbeya)

Hapana. Amoksilini ni antibayotiki, na antibayotiki huua bakteria, haiui virusi vya mafua. Ukiila ovyo, unavizoesha vijidudu dawa utakayoihitaji siku ya nimonia.

Najifukiza majani ya mkaratusi, blanketi juu ya sufuria. Nimfukize na mwanangu wa miaka minne? (Baba, Mafinga)

Wewe mtu mzima ukijifukiza, pua hufunguka kwa muda, ingawa virusi havifi. Mtoto usimfukize. Sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi, na mtoto anayepapatika, ni njia ya haraka ya kuungua uso na mapaja. Mtengenezee maji ya chumvi: kijiko kidogo nusu kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa, matone mawili kila pua, kisha mpanguse. Mafuta ya mkaratusi yaweke mbali naye kabisa, maana yakimezwa ni sumu.

Usiku tunaingiza jiko la mkaa chumbani. Ni sawa? (Makete)

Tafadhali, msifanye hivyo tena. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, na huua familia nzima ikiwa usingizini. Pasheni chumba jioni mlango ukiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabla hamjalala.

Mwanangu ana miezi minane, anakohoa. Nimlambishe asali? (Mama, Njombe)

Usimpe, mama yangu, hata tone. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria anayesababisha botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, na utumbo wa mtoto wa chini ya mwaka mmoja hauwezi kumkabili. Mnyonyeshe mara kwa mara, na umsafishe pua kabla ya kunyonya.

Akitulia au akilala, mfunue kifua, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa umri wake, zikifika 50 au zaidi, au ukiona ngozi chini ya mbavu inabonyea ndani anapovuta hewa, au akikataa kunyonya, mfunike vizuri mwende kituo cha afya usiku huo huo.